Mgagaa na Upwa

Nyanya yangu havai kitu nilichokiunda kabla hajauliza swali moja: "Ya nani hini?"

Haulizi nimeiunda vipi, wala yauzwa pesa ngapi. Ataigeuzageuza pete, aisogeze dirishani penye mwanga, kisha aulize: ya nani? Zamani nilikuwa nikimjibu, "Yangu, nyanya. Si nimeiunda mwenyewe?" Naye hunirudishia palepale mkononi. "Sikukuuliza aliyeiunda. Nimekuuliza shaba yenyewe ya nani."

Kwa muda mrefu niliyachukulia kuwa maneno ya utu uzima tu. Nikicheka, nikienda zangu. Siku hizi swali hilo ndilo la kwanza katika daftari langu la kazi, na lilifika huko kwa njia ambayo sikupenda kuisimulia hadi leo.

Mimi na nyanya tunakaa ghorofa ya kwanza ya nyumba ya mawe, kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu. Ukiijua Mombasa unaijua Ndia Kuu: inaanzia karibu na Fort Jesus, inapita katikati ya Mji wa Kale, roshani za mbao juu, maduka ya vinyago na vitambaa chini, na nyuma yako daima kuna pikipiki inayopiga honi. Ndia ni njia, kwa Kimvita. Njia kuu kweli, ingawa magari mawili yakikutana hapo lazima moja lirudi kinyumenyume.

Nilirudi kukaa hapa mwaka 2021, baada ya miaka miwili ya uhandisi wa umeme katika chuo kimoja cha Nairobi. Karo ilikwama na mimi mwenyewe nilikwama, sijui kipi kilitangulia. Nilimwambia mama naahirisha mwaka mmoja. Mwaka huo haujaisha hadi leo. Sasa naandika. Naandika maelezo ya vyumba vya hoteli ambavyo sijawahi kulala, na makala zinazotoka kwa majina ya watu wengine. Nalipwa kwa idadi ya maneno, na kuna miezi silipwi kabisa. Mtu akiishi hivyo, kutwa nzima anatoa maneno ambayo hatayaona tena, mikono yake huanza kutamani kitu cha kushika.

Nilichopata kukishika kilikuwa kioo.

Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, nilikuwa nikiteremka ufuoni upande wa Mama Ngina nikitembea nimeinama kama aliyeangusha sindano. Chupa iliyovunjika baharini husuguliwa na mchanga, chumvi nayo huila taratibu kwa miaka mingi, mpaka kingo zinakuwa duara na ule mng'ao wa dukani unageuka ukungu. Ya kahawia na ya kijani utaipata tele, ni chupa za pombe na soda. Ya buluu nadra. Siku ukiokota ya buluu unatazama nyuma kuona kama kuna aliyekuona.

Watu wa mbali wakisikia mawe ya Kenya hufikiria mawe ya kijani ya Taita, tsavorite, yale ambayo Campbell Bridges alikuwa wa kwanza kuyatambua na ambayo Tiffany ya New York ilianza kuyauza kwa jina hilo mwaka 1974. Kisiwa chetu hakina kitu kama hicho. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, jiwe lilelile lililojengewa Fort Jesus kuanzia 1593. Ni jiwe zuri kwa ukuta, lakini kwa pete ni laini mno. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe liko kwenye 3 hivi, na kioo kiko kwenye 5 na nusu. Kwa hiyo takataka zetu ni ngumu kuliko mawe yetu. Nilipolitambua hilo nilicheka peke yangu pale ufuoni.

Mgagaa na upwa hali wali mkavu, wazee walisema. Anayezungukazunguka pwani hakosi kitoweo. Niliichukua methali ile kama leseni.

Kazi nilijifunza kwa kuharibu. Kioo ukikitoboa kikavu kinapata joto na kupasuka, kwa hiyo nakizamisha ndani ya sahani ya maji na kukitoboa humo, taratibu, kwa keke ndogo yenye ncha ya almasi. Shaba ina tabia yake. Ukiipiga nyundo inakuwa ngumu na kaidi, ukizidi kuilazimisha inakatika. Dawa yake ni moto: uipashe mpaka iwe nyekundu kama kaa, kisha uitumbukize majini, na itatoka laini kama uzi. Chuma kikipozwa ghafla huwa kigumu, shaba haiwi ngumu hata ukifanya hivyo. Fuawe yangu ni jiwe la mizani la kilo tano alilokuwa akitumia babu Marikiti. Kung'arisha ni ndimu na chumvi, kama nyanya anavyosugua sinia zake kabla ya Idi.

Shaba yenyewe niliipata kwa mafundi wa umeme, vipande vya vidole viwili vitatu vinavyobaki kazi ikiisha. Nilifunga kioo kwa waya, nikaunda vindoano vya masikio, nikapanga kwenye sinia ndogo dukani kwa jamaa yetu. Nikaweka kikaratasi: "Vitu vya kuokota, Mombasa." Wageni walikipenda kikaratasi kile kuliko hereni zenyewe. Walikipiga picha.

Kisha mwaka 2023 duka moja la ng'ambo ya daraja liliagiza jozi 40, zote za shaba nene iliyopigwa nyundo, katika wiki tatu. Sikuwa nimewahi kuuza jozi 40 kwa miezi sita. Nilisema ndiyo kabla hawajamaliza sentensi. Halafu nikakaa kitandani nikapiga hesabu. Bahari huleta kioo. Shaba haileti.

Katika wiki hizohizo ilitokea jambo ambalo nitalisimulia kwa sababu linanishtaki. Karibu na Bandari ya Kale, maji yakiwa yamekupwa, niliokota kigae cha kaure. Cheupe, na maua ya buluu yaliyokatika katikati. Kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, tayari kwa kuvaliwa, kilikuwa kinaomba waya tu. Nilijua nusu ya habari yake bila kufundishwa, maana kila mtoto aliyepelekwa Fort Jesus na shule ameviona vyombo vya kaure nyuma ya kioo, na amesimuliwa habari za meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Usiku nikatafuta sheria kwenye simu. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya 2006 inasema kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale, na hakiuzwi kiholela. Sikujua kigae changu ni cha mwaka gani. Lakini asubuhi nilikifunga kwenye pamba nikakipeleka makumbusho. Niliyemkabidhi alinishukuru kwa adabu. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwema sana. Nilimsimulia nyanya mara mbili.

Siku nne baadaye kijana wa skrepa alipita na mkokoteni wake.

Biashara ya skrepa unaijua. Mapema 2022 serikali iliipiga marufuku kwa muda, baada ya nguzo za laini kubwa ya umeme kuanguka na nchi nzima kuingia gizani mwezi Januari, na ikasemekana vyuma vyake vilikuwa vimekatwa na wezi. Vijana wa mikokoteni walipotea vichochoroni kwa miezi. Kisha wakarudi, na sauti zao zilezile: vyuma, betri mbovu, sufuria mbovu.

Huyu alikuwa na mviringo wa waya, kilo moja na nusu hivi, ulioondolewa ganda kwa moto. Ulikuwa mweusi kwa masizi, lakini ukiukwaruza kwa ukucha, ndani wekundu safi. Nyuzi saba zilizosokotwa, unene uleule niliouhitaji. Alitaka bei ya chini kuliko ya yadi. Nikauinua juani. Kwenye ncha moja moto haukuwa umefika. Urefu wa kidole, ganda lilikuwa limebaki: la kijani, na mstari wa manjano.

Nataka uelewe kitu kimoja kuhusu mtu aliyesoma umeme hata kwa miaka miwili tu. Kijani na manjano haviwi na maana mbili. Ndiyo rangi ya kwanza tuliyofundishwa, kabla hata ya kushika bisibisi. Ni waya wa ardhi. Na waya wa ardhi haulali barabarani ukiokotwa. Unatoka ndani ya nyumba, unashuka ukutani, unaingia udongoni, na hapo ndipo unapokaa mpaka aje mtu aukate.

"Umeutoa wapi?" nikamuuliza.

"Umeokotwa," akasema.

Lilikuwa neno langu. Lile la kwenye kikaratasi. Akanirudishia neno langu mwenyewe, na mimi nikalipokea kwa sababu nilikuwa na jozi 40 za kuunda. Nikamlipa. Nikakata kile kipande cha kidole chenye ganda kwa koleo, nikakitupa ndani ya kopo la vioo, chini kabisa.

Hereni zilitoka nzuri. Sitasema uongo, ndizo nzuri kuliko zote nilizowahi kuunda. Nililipwa papo hapo. Nikamnunulia nyanya leso, na kwa pesa hizohizo nikanunua tokeni za stima.

Waya wa ardhi siku za kawaida hauna kazi. Taa zitawaka bila huo, friji itaganda bila huo, hutajua kama haupo. Kazi yake ni ya siku moja: siku umeme utakapotoka mahali pake ukaingia kwenye mwili wa chuma wa kitu fulani, ukahitaji njia ya kwenda ardhini isiyopita ndani ya mtu.

Siku hiyo ilifika alfajiri moja, kabla jua halijachomoza. Jirani wa chini yetu huamka saa kumi kukanda unga wa mahamri, ndiyo kazi yake tangu nikiwa mdogo, nusu ya kichochoro hunywa chai na mahamri yake. Aliwasha mota ya maji, ikakwama, akaenda kuigusa na mkono wenye maji. Ulimrusha ukutani. Tulisikia kishindo na sufuria zikimwagika. Alipona, namshukuru Mungu kila nikimwona. Lakini kiganja kiliungua, na kifundo cha mkono kilivunjika alipojigonga. Mkono wa kulia. Wa kukandia.

Fundi alikuja mchana. Nilishuka kutazama pamoja na watoto wengine wa kichochoro, kama kwamba ni udadisi tu. Alifuata ukuta wa nyuma kwa kidole mpaka kwenye fito iliyozikwa ardhini. "Tazama," akasema. "Wamekata." Juu kulikuwa na kisiki cha waya kama cha nchi mbili. Nyuzi saba. Ganda la kijani na manjano.

Nilipanda juu nikamwaga kopo kitandani. Kipande kilikuwepo. Sikuhitaji kukishusha nikilinganishe na kisiki, lakini usiku, watu walipolala, nilikishusha. Unene ni mmoja. Hilo halithibitishi kitu, nyumba ngapi Mombasa zina waya wa unene ule? Nilijiambia hivyo kwa siku tatu. Nilifikiria pia kwenda kukitupa baharini.

Kilichonizuia, nadhani, ni kigae cha kaure. Nilikumbuka nilivyokifunga kwa pamba. Kwa watu waliokufa zaidi ya miaka 100 iliyopita nilikuwa mwaminifu kiasi cha kutafuta kifungu cha sheria usiku wa manane. Kwa mama anayelala chini ya sakafu yangu niliuliza swali moja na kuridhika na jibu la neno moja.

Siku ya tatu jioni nilimwambia nyanya. Hakusema lolote. Alisimama, akavaa buibui lake, akanishika mkono. "Tuteremke."

Jirani alikuwa amekaa, plasta imefika kwenye kiwiko, binti yake akikuna nazi. Nilisema yote bila kukaa. Aliniangalia muda mrefu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua ni wangu?"

"Sikujua ni wako. Nilijua ni wa mtu."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali hesabu. "Basi mtu mwenyewe ndiye mimi," akasema.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Pesa za hereni, zile zilizobaki, nilimpelekea usiku uleule, na nyingine nikalipa kwa miezi mitano kutoka kwenye yale maneno ninayouza: waya mpya, fundi, hospitali, na siku ambazo hakukanda. Kila mara alizihesabu mbele yangu, noti kwa noti. Alifanya vizuri kuzihesabu. Kijana wa skrepa nilimtafuta, sikumwona tena. Duka lile nililipigia simu nikaeleza, wakaniambia zimeshauzwa karibu zote na hakuna mteja anayeuliza. Kwa hiyo waya wa ardhi wa jirani yangu unaning'inia kwenye masikio ya watu nisiowajua, na umewapendeza.

Baada ya hapo nyanya alifungua kasha lake. Humo ana furungu za fedha za mama yake, nzito, zikigongana unazisikia mpaka barazani. Nilidhani ataniambia habari za uzuri. Aliniambia habari za sonara. Mama yake hakununua furungu dukani. Alikwenda kwa sonara na riale zake kwenye leso, zile sarafu za Maria Theresa zenye mwaka 1780 hata zikiwa zimepigwa miaka mingi baadaye, maana mwaka ule haukubadilishwa. Sonara alizipima. Mama akakaa barazani, sarafu zikayeyushwa akiziona. Kazi ilipokwisha zikapimwa tena. Si kwamba hawakuaminiana, nyanya alisema. Ndivyo ilivyokuwa tu. Fedha ilifika na mwenyewe, ikaondoka na mwenyewe.

Mimi nilijidhania mvumbuzi kwa kugeuza chuma cha zamani kuwa pambo jipya. Kumbe mji huu umefanya hivyo siku zote. Walichonizidi ni kwamba mwenye mali alikuwa amekaa pale barazani, anatazama.

Siku hizi nina daftari. Kila kipande cha shaba kina mstari wake: kimetoka kwenye nini, kimeletwa na nani, na mwenyewe amekubali. Watu huniletea vyao: kijiko cha marehemu, komeo la mlango, nyuzi za mota iliyoungua. Nawaundia kitu wanachoondoka nacho. Napata pesa kidogo kuliko zamani. Kioo bado naokota, mpaka leo sijaona anayekidai. Kile kikaratasi cha kuokota nilikichana.

Na jambo moja sikulitarajia. Nilitoa madaftari yangu ya chuo chini ya kitanda. Nimenunua kipimo kidogo, na watu wa kichochoro wakiniita nazunguka nyumba zao kutazama kama waya wa ardhi upo. Sigusi kitu, natazama tu, kazi hufanywa na fundi mwenye leseni. Nyumba tatu hazikuwa nao, na hakuna aliyejua. Mama amesikia. Ameanza tena kuuliza habari za chuo, kwa upole, kama anayepima maji kwa kidole. Bado sina jibu.

Jirani amepona, lakini sasa anakanda zaidi kwa mkono wa kushoto, na mahamri yake yametoka madogo kidogo. Hunisalimia nikipita. Kuniita kukaa, bado. Sijamuuliza kama amenisamehe. Naona si swali langu kuliuliza.

Juzi nilimuundia nyanya pete kwa ufunguo wa shaba wa kasha lake, ule wa zamani usiofungua tena. Akaigeuzageuza. Akaisogeza dirishani.

"Ya nani hini?"

"Yako, nyanya. Ulinipa mwenyewe Jumatatu, baada ya alasiri. Imeandikwa."

Akataka aone daftari kwanza. Miwani hakuwa nayo, kwa hiyo nikamsomea. Ndipo akaivaa.